Jina Lisilo na Mwenzake

Katika mji wa Baraka wa miaka ile, ufukweni mwa ziwa huko Kongo, mtu akisimama katikati ya soko na kuita "Henri," wanaume tisa waligeuka, na wa kumi hakugeuka kwa sababu tu masikio yake yalikuwa yameanza kuchoka. Chanzo chake kilikuwa padri mmoja mzee, marehemu tangu zamani, aliyebatiza watu wa ufukwe wa ziwa kutoka Swima mpaka Mboko, na ambaye mwenyewe aliitwa Henri. Mzazi akifika kanisani na mtoto wa kiume bila kuwa amechagua jina, padri alimpa lake, kama mtu anayevua koti na kumvisha mwenzake. Wazazi walishukuru. Baadaye, koti lilipokuwa limevaliwa na kijiji kizima, ndipo watu walipoanza kushona viraka: Henri Murefu, Henri wa Makasia, Henri Kinga aliyekuwa na baiskeli, ambayo huko huitwa kinga.

Huyu wetu alikuwa Henri wa Cherehani. Alishona kwenye baraza ya duka moja kando ya barabara iendayo Fizi. Alikuwa mtu mpole, mwenye subira ya kufumua mshono mara tatu bila kumlaumu mtu. Kitu kimoja tu kilimkunja uso, nacho kilikuwa jina lake.

Alikuwa na sababu. Mwaka wa 1948 mjomba wake aliyefanya kazi bandarini Albertville alimpatia nafasi kwenye meli. Akaandika barua, na juu ya bahasha akaandika "Henri, Baraka," akiona hiyo inatosha. Barua ilimfikia Henri mwingine, ambaye hakuwa na mjomba Albertville lakini hakuona haya kumpata mmoja. Akasafiri wiki ileile. Mjomba, aliyemwona mpwa wake mara ya mwisho akiwa anatambaa, alimpokea, akampa kitanda, akamwingiza kazini. Ukweli ulipojulikana, miezi saba baadaye, mjomba alikuwa amekwisha kumzoea. Kila mwaka yule Henri alituma Baraka picha yake akiwa amevaa viatu.

Miaka mitatu baada ya hapo akaja polisi na karatasi iliyosema kwamba Henri wa Baraka ameliacha shamba lake la pamba lijae magugu. Siku zile kila mwanamume mwenye afya alilazimika kulima pamba, apende asipende. Henri alikuwa amelima na kupalilia, na mistari yake ilinyooka kama upindo wa suruali. Akampeleka polisi shambani. Polisi alilitazama shamba, akalisifu, kisha akamchukua mwenye shamba, kwa kuwa kwenye karatasi halikuandikwa shamba, aliandikwa Henri. Alikaa ndani siku tano akifyeka majani ya uwanja wa ofisi. Henri mwenye magugu alikuja kumtembelea na samaki wa kukaanga, jambo ambalo Henri wetu alilikumbuka maisha yake yote kwa shukrani na hasira pamoja.

Siku alipotoka, akaamua kwamba akijaliwa mtoto atampa jina ambalo likiitwa, atageuka mmoja tu.

Bahati yake ni kwamba alikuwa ameoa mwanamke aliyefikiri kinyume kabisa. Mkewe aliitwa Pulchérie. Alizaliwa Mboko, siku ambayo kalenda ya misheni ilionyesha mtakatifu huyo, na Mboko nzima haikuwa na Pulchérie kabla yake wala baada yake. Kinywani mwa mama yake lilikuwa Pilikeri, kwa katekista Purukeria, kwa watoto wenzake Pilipili. Shuleni kwa masista walikuwa wasichana sitini. Chungu kikivunjika, sista aliyatupa macho juu ya vichwa vile vyote, akatafuta jina la kuita, na jina lililotoka lilikuwa lilelile moja lililokwama kwenye kumbukumbu yake. Sista hakuwa na ubaya. Msichana aliyevunja vyungu aliitwa Suzanne, nao akina Suzanne walikuwa kumi na mmoja, na huyo alimaliza shule na sifa ya adabu njema.

Kwa miaka sita ya ndoa yao habari ya majina haikuwagombanisha, kwa maana hapakuwa na wa kupewa jina. Mara mbili mimba iliharibika. Pulchérie alimwita mumewe "fundi," kama watu wote, na Henri alimwita mkewe "mama," na wote wawili walijifanya hawasikii neno hilo lilivyo zito. Hata mwaka wa 1956 mimba ya tatu ikashika.

Miaka miwili kabla ya hapo dispanseri ya Baraka ilikuwa imepata mkunga mpya, Félicité, msichana mwenye mikono midogo na sauti ya kuamrisha. Wanawake waliokuwa wamezika watoto wawili watatu walianza kurudi nyumbani na mtoto anayelia. Kila mmoja alitafuta namna ya kumshukuru, na zawadi isiyooza wala kuibwa ni jina. Baada ya miaka miwili, kila ua lilikuwa na Félicité anayetambaa, na wavulana watatu wakawa Félicien.

Pulchérie alikaa na uchungu siku mbili, katika mwezi wa saba, upepo wa kiangazi ukirusha vumbi mpaka ndani ya dispanseri. Félicité hakutoka chumbani isipokuwa kuagiza maji. Siku ya pili mchana alimtokea Henri, aliyekuwa ameketi nje na mkasi mkononi bila kujua kwa nini amekuja nao, akamwambia, "Ni binti. Na mama yake iko muzima." Kisha mkunga akaketi chini palepale, kwenye vumbi, akanyoosha miguu.

Siku tatu baadaye, nyumbani, Pulchérie akasema kutoka kwenye mkeka, "Ni Félicité."

Henri alijua neno hilo linakuja. "Bafélicité beko bangapi hapa Baraka, mama?"

"Bengi. Na bote beko bazima."

Henri akajaribu njia nyingine. "Siku moja polisi atakuja na karatasi."

"Polisi anakamata batoto banamuke juu ya pamba?"

"Juu ya kitu ingine. Hatujue bado ni nini."

"Fundi," Pulchérie akasema, "we haukukuwa peke yako hata siku moja. Mi nilikuwa. Kitu ikivunjika, bote banakuangalia. Niachie mutoto wangu akae kati ya benzake."

Henri, kama watu wengi wanaohisi wameshindwa, alikwenda kutafuta maandishi. Katekista Eugène ndiye aliyetunza kitabu cha ubatizo. Alipitisha kidole kutoka Januari hadi Julai, akahesabu kimoyomoyo, akasema, "Kumi na saba. Na babili banakuja Jumapili." Henri akamwomba kalenda ya watakatifu. Eugène akaisoma kwa sauti, na Henri alikataa jina baada ya jina kama mama anayechagua dagaa. Constance? Walikuwa wanne. Émilienne? Huyo alikuwa mke wa Henri Murefu. Walifika mwezi wa nane wakiwa wamechoka wote wawili.

"Radegonde," Eugène akasoma, akarudia, kwa kuwa hata yeye hakuwa ameliona vizuri mara ya kwanza.

"Huyu alikuwa nani?"

"Malkia. Akaacha ufalme, akaingia busista."

"Akaacha juu ya nini?" Henri akataka kujua sababu.

"Juu ya bwana yake."

Henri, ambaye naye alikuwa mume wa mtu, alilipita hilo haraka. "Hapa kuko Radegonde?"

"Hapa hapana. Fizi hapana. Sizani kama Kongo nzima kuko hata mumoja."

Henri akamwomba aliandike kwenye kipande cha karatasi, akatembea kwenda nyumbani kama watu wanavyorudi kutoka kwenye machimbo ya dhahabu ya Lulimba, mkono mfukoni na uso wa mtu ambaye hakupata kitu.

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake, Mama Mutambo, aliyekuja kutoka Mboko na kapu la mihogo ili amsaidie mzazi. Henri alisoma jina alilolichagua mara mbili, kwa heshima. Mama Mutambo alilionja mdomoni.

"Lade-konda," akasema.

"Radegonde, mama."

"Nilisikia. Konda. Unataka kila asubuhi batu baamuke bamwambie mutoto 'konda, konda.' Hatasikia?"

Henri akaeleza kwamba halikuwa neno la Kiswahili, lilikuwa jina la malkia wa Ulaya. Mama Mutambo akauliza kama malkia huyo alikuwa mnene. Henri hakujua. Kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, alirudi kwa Eugène kuuliza, na Eugène, ambaye naye alikuwa mkweli, alisoma zaidi na kukiri kwamba malkia alijulikana sana kwa kufunga chakula. Henri aliona habari hiyo haina haja ya kufika nyumbani.

Siku ya ubatizo ilikaribia, na Pulchérie bado alisema ni Félicité. Ndipo Henri akaamua kwenda kwa mkunga mwenyewe. Aliona aibu. Mwanamke yule alimpa mke na mtoto, naye alikuwa anamnyima jambo dogo kama jina. Alimkuta akichemsha sindano.

"Mama Félicité, nimekuja juu ya jina ya mutoto."

Félicité akaweka kifuniko. "Usiniambie, fundi. Mumechagua yangu."

Henri alifungua mdomo ili aombe msamaha, lakini mkunga hakumngoja. "Nakuomba kitu moja," akasema. "Asubuhi ya kupima batoto, bamama banakuwa hapa makumi ine. 'Félicité, nyamaza.' 'Félicité, ulikojolea nguo ya mama.' 'Félicité, haujui haya?' Mi nageuka kila mara. Juzi niligeuka na sindano mukononi, nikachoma benchi. Mama mumoja alimupiga wake kofi, akasema jina yangu yote, mi nikashika shavu. Muite mutoto jina ingine. Yoyote ile."

Henri alirudi akiwa na furaha yenye mwiba. Alikuwa ameshinda, lakini hakuna hata moja ya sababu zake iliyohitajika. Barua ya Albertville, siku tano za kufyeka, hotuba yote aliyoiandaa kwenye cherehani, vilikaa tu kifuani. Pulchérie alimsikiliza mpaka mwisho.

"Alisema yoyote?"

"Yoyote ile."

Pulchérie akamtazama mtoto kwa muda. "Basi weka yako. Lakini ujue, haiko juu ya maneno yako. Ni juu ya Félicité."

Hivyo mtoto akanyimwa jina la mkunga kwa heshima ya mkunga, na Jumapili ile padri kijana aliyekuwa wa zamu alilisoma jina kwenye karatasi, akamtazama Henri, akalisoma tena, akamwaga maji.

Miezi sita ya kwanza ilikuwa miezi bora ya maisha ya Henri. Alipenda kuliita jina lile akiwa barazani, bila haja yoyote, ili tu aone soko zima likikaa bila kugeuka. Mtoto naye alinenepa. Kabanyana, mama wa milimani aliyeshuka kila wiki na maziwa na siagi, aliwapa kipimo kizuri kwa kuwa Henri alimshonea vizuri. Mtoto akawa na mikunjo mikononi na miguuni na shingo ikapotea kabisa. Wanawake waliomwona mgongoni mwa Pulchérie waliuliza jina. Wakaambiwa. Wakaenda wakifikiri.

Henri hakuambiwa walichofikiri mpaka kilipokuwa kimekwisha enea. Walisema hivi: kile kinachowakondesha watoto, chochote kiwacho, kilipita nyumbani kwa fundi, kikasikia mtoto anaitwa Konda, kikaona kazi yake imekwisha fanywa, kikaenda zake. Henri alieleza kwa kila mteja kwamba jina halina maana hiyo. Wateja walikubali, wakapimwa kiuno, na wakienda waliomba waandikiwe lile jina kwenye karatasi.

Wa kwanza kuomba alikuwa Émilienne, mke wa Henri Murefu, ambaye binti yake mchanga alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Aliomba kwa adabu, na Henri akaona fahari, akamwandikia mwenyewe. Wa pili alitoka Swima. Wa tatu na wa nne hawakuomba. Alipofika wa tano, Henri aliacha cherehani na mguu wa suruali ukiwa chini ya sindano, akaenda kwa Eugène.

"Bakataze," akasema.

"Nabakataze namna gani? Ni mutakatifu, fundi. Haiko kitambaa yako." Eugène alikuwa akiandika huku anaongea, na Henri aliona kwamba siku hizi hakuhitaji tena kutazama kalenda ili kupata herufi zake.

Hata Kabanyana, aliyekuwa mtu wa kanisa la Waprotestanti na asiyebatiza kwa kalenda ya mapadri, alishuka siku moja akatangaza kwamba ndama wake mdogo aliyekuwa hatikisi hata mkia sasa anaruka, tangu alipompa jina la binti wa fundi. Henri alikunja uso. Kabanyana akaliona hilo, akamwambia pole pole kwamba kwao mtu anaweza kupewa jina kwa haraka, lakini ng'ombe, hapana. Henri alishindwa kupata pa kukasirikia.

Aliyefurahi ni Pulchérie. Asubuhi ya kupima watoto alikuwa sasa na benchi yake pale dispanseri, akiwa na mama Radegonde wa pili, wa tatu, mpaka wa saba. Walibadilishana habari za meno na kuhara. Waliitana "mwenzangu." Mkunga alipoita jina hilo, wote saba walicheka na kusukumana, na Pulchérie, ambaye shuleni alikuwa akisimama peke yake, alisimama pamoja nao. Félicité mwenyewe aliendelea na kazi yake bila kugeuka, na hakuchoma tena benchi.

Mwaka wa 1958, katika majuma ya kwanza ya mvua, Henri alikuwa akitia vifungo alipomsikia mwanamke akilia kutoka ufukweni, "Radegonde! Mutumbwi imemulalia Radegonde!"

Hakukumbuka baadaye aliruka vipi meza. Alikimbia na tepu ya kupimia shingoni, akapita kati ya vikapu vya dagaa, akakanyaga mihogo ya mtu. Kichwani hakuwa na kitu kingine isipokuwa mikunjo ile ya mikono. Mtumbwi mkubwa wa gogo, uliokuwa ukisukumwa kuingia majini, ulikuwa umeteleza kwenye magogo yake na kulala ubavu, na chini yake ulionekana mguu mmoja mdogo. Wavuvi wawili walikuwa wakiuinua bila kuweza. Henri akaweka bega. Wakati huohuo akafika mwanamume mwingine kutoka upande wa soko, mwashi, akiwa na tope mikononi. Kisha wa tatu kutoka mashambani, na jembe lake. Kisha wa nne, bila shati. Hawakusemezana. Kila mmoja aliweka bega kama mtu anayemtoa wake. Mtumbwi ukanyanyuka, mwanamke akavuta, na mtoto akatoka amejaa mchanga, mguu umechubuka, analia kwa nguvu zake zote.

Wanaume wanne wakainama kuutazama uso wake. Hakuwa wa mwashi, hakuwa wa mkulima, hakuwa wa yule asiye na shati. Hakuwa wa Henri. Alikuwa binti wa Émilienne. Baba yake, Henri Murefu, alikuwa shambani kwake upande wa milima, na alifika baadaye, mambo yakiwa yamekwisha.

Henri alihisi furaha kubwa ikimshika, na papo hapo akaona haya kwa furaha ile, kwa maana mtoto alikuwa bado analia mbele yake. Akamtazama mwashi, akaona mwashi naye anatazama chini. Walibaki pale wakipangusana mchanga mabegani, watu wanne waliokuwa wamefika mbio kwa ajili ya mtoto wa mwingine, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka.

Tangu siku ile hakwenda tena kumsumbua Eugène. Hii haina maana kwamba alikubali. Alipoulizwa, aliendelea kusema kwamba jina zuri ni lile lisilo na mwenzake, na alilisema kwa sauti ya mtu anayesifu kitambaa ambacho kiwanda kimeacha kukitengeneza.

Noeli ilipokaribia, akina mama wa benchi walinunua jora moja la kitambaa cha maua mekundu, wakataka magauni kumi na manne ya mtindo mmoja. Henri alisema kwamba watoto watapotezana kanisani. Wakasema ndivyo wanavyotaka. Basi akakata, na kila gauni alilibandikia jina la mama, kwa kuwa jina la mtoto halikuweza kumsaidia kitu. Pulchérie alikuja barazani jioni kumsaidia kupinda pindo. Tumbo lake lilikuwa limeanza tena kuonekana, na safari hii hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akilala na hofu kama zamani.

"Hii mutoto," Henri akasema bila kuinua macho, "jina utachagua we."

"Nilisha kuchagua."

Cherehani ikasimama. "Gani?"

"Utaisikia kanisani."

"Na mi ni baba yake?"

"We ni baba yake," Pulchérie akasema, "lakini unashona kwenye baraza. Baraka yote inapita hapa, na inasikia."

Henri aliwaza kidogo, akaona ni kweli, akakanyaga cherehani, akashona nusu mkono wa gauni. Kisha akasimama tena. "Niambie tu kama kuko muntu mwingine mwenye jina hiyo hapa kwetu."

Pulchérie akakata uzi kwa meno, akalikunjua gauni, akalitazama mbele ya mwanga uliobaki.

"Mukono huu umeuweka upande mubaya, fundi," akasema. "Ufumue."